Chambo na Rangi ya Maji



Waamini kadhaa wametuuliza kwa nini katika mahubiri yetu ya siku hizi tunataja chambo kuliko nyavu, ilhali Injili imejaa nyavu. Swali ni la haki, nasi tungependa kulijibu kwa nafasi, maana dakika kumi za mahubiri hazitoshi. Isitoshe, nyuma yake lipo swali jingine, zito zaidi, ambalo mama mmoja wa jumuiya zetu hapa Kibiti alituletea mwaka 2024 baada ya mafuriko. Hilo tutalifikia kwa wakati wake.

Katika Injili zote nne ndoana inatajwa mara moja tu. Mathayo anasimulia, mwishoni mwa sura ya 17, jinsi watoza ushuru wa Hekalu walivyomfuata Petro kule Kafarnaumu, na jinsi Bwana alivyomtuma ziwani atupe ndoana, amchukue samaki wa kwanza atakayepanda, na kinywani mwake aikute fedha ya kuwatosha wawili. Tulipokuwa seminarini, mwalimu wetu wa Kigiriki alituonesha kwamba neno ankistron, yaani ndoana, halionekani mahali pengine popote katika Agano Jipya. Kwingine kote ni nyavu. Petro, mtu wa nyavu na mashua, mwenye washirika wa kazi, safari hii anakwenda na mshipi mmoja kumtafuta samaki mmoja.

Habari hiyo tuliwahi kumsimulia mzee mmoja wa upande wa Nyamisati, Mwislamu mcha Mungu, ambaye amevua kwa mshipi katika mikondo ya delta tangu ujana wake. Alisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akauliza, "Na chambo, Padri? Alitia chambo gani?" Mathayo hasemi. Katika miaka yetu yote ya teolojia hakuna mtahini aliyewahi kutuuliza hivyo, na tunakiri kwamba swali lilitupendeza kuliko mengi tuliyoulizwa. Mzee hakuwa na shaka yoyote juu ya sarafu, Mungu aweza. Alichotaka kujua ni kazi ya Petro ilikuwa nini.

Tangu siku hiyo, kila tunapopata nafasi baada ya ziara za vigango, hutuchukua katika mtumbwi wake. Sisi tuliozaliwa bara, katika nchi ya maharage na ndizi, tulidhani chambo ni kitu chochote kinacholiwa kikatundikwa kwenye chuma. Huku sivyo. Mto Rufiji unapokaribia bahari hugawanyika katika mikondo mingi inayopita ndani ya msitu wa mikoko wa hekta zipatazo 53,000, na eneo hili, pamoja na Mafia na Kilwa, limo tangu mwaka 2004 katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Maji ya mto na maji ya bahari hukutana humo mara mbili kila siku, yakipanda na kushuka. Mahali palipokuwa na chumvi asubuhi huenda jioni pakawa na maji baridi yenye tope. Samaki wanahama pamoja na maji hayo, na mvuvi asiyejua maji ya leo ni yapi atakuwa anawahubiria waliokwisha ondoka.

Mzee haanzi kwa ndoana wala kwa chambo. Huzamisha mkono majini hadi kiwiko na kutazama kama anaviona vidole vyake. Akiviona, husema, leo tunavua kwa macho ya samaki. Asipoviona, tunavua kwa pua yake. Elimu nyingine yote hufuata hapo. Maji yakiwa meupe, kama yanavyokuwa mara nyingi nyakati za kaskazi kabla ya masika, au katika siku za maji mafu mwezi unapokuwa nusu na mkondo hauna nguvu ya kuitibua ardhi, chambo lazima kionekane na kifanane na kiumbe hai. Basi huweka kamba aliye hai, ametobolewa kidogo karibu na mkia ili aendelee kupiga miguu, au ukanda mwembamba wa ngisi unaochezacheza. Maji yakichafuka, wakati wa bamvua au mto unaposhuka na udongo wa masika, uzuri wa kamba hauna faida, hakuna anayeuona. Hapo huletwa dagaa waliokwisha kuvunda, utumbo wa kuku, kaa aliyepondwa. Vitu vinavyonuka. Tumekaa karibu na kopo hilo katika jua la saa saba mchana, nasi twaweza kushuhudia kwamba vinanuka.

Kisha kuna samaki mwenyewe, ambaye ana tabia yake. Changu hupita akiokota chini, anapenda kamba, kaa na kombe, na huonja kabla ya kumeza, hivyo ndoana yake iwe ndogo na mkono wa mvuvi uwe mwepesi. Chewa hukaa mlangoni mwa pango lake kama mzee wa baraza, hakimbilii kitu, lakini kikipita karibu na mdomo wake, humeza chote. Huyo humpi kipande, unampa samaki mzima. Hongwe hachagui, ila mwiba wake una sumu na humchagua mvuvi. Tasi hula majani ya baharini, na anayemtaka hutega dema. Kolekole na nguru ni wawindaji wa mbio. Hao wanatakiwa kurambaziwa, mshipi ukiburutwa nyuma ya chombo kinachokwenda, na kwao hata nyama si lazima: unyoya mweupe wa kuku uliofungwa kwenye ndoana, au nyuzi za kamba ya nailoni iliyofumuliwa, hutosha, mradi vikimbie kama samaki mdogo mwenye hofu.

Kamba ndiye chambo bora wa delta, na ndiye bidhaa bora pia. Huzaliwa baharini, akiwa mdogo sana huingia mikokoni kukua, kisha hurudi baharini. Akiwa njiani kurudi hukutana na nyavu zetu, na mnunuzi humlipia vizuri kuliko samaki wengi. Kwa hiyo kumtundika kamba mkubwa kwenye ndoana ni kutundika daftari la mtoto. Wavuvi wengi hawawezi. Huuza kamba na kuvulia uduvi au vipande vya samaki wa jana, wakijua kabisa kwamba wangepata zaidi kwa kile walichokiuza. Tunalitaja hili kwa sababu wako wanaosema mvuvi wa Rufiji ni maskini kwa uvivu. Wanaosema hivyo hawajawahi kupiga hesabu ya chambo saa kumi za alfajiri.

Ukipanda juu, kwenye mabwawa ya asili yanayopata maji ya mto, kama Utunge na Ruwe, mambo hubadilika tena. Mfalme wa huko ni kambale. Ana macho madogo na sharubu jozi nne, na kwa sharubu hizo huonja tope lote linalomzunguka. Katika mito mingi ya Afrika wavuvi humnasa kambale kwa kipande cha sabuni ya kufulia. Tuliposikia mara ya kwanza tulidhani ni utani. Lakini sabuni hutengenezwa kwa mafuta, na yale mafuta yakiyeyuka taratibu majini, kambale hufuata harufu yake gizani hadi kwenye ndoana.

Juu zaidi, zaidi ya tunakofika sisi, iko mito ya Mnyera na Ruhudji inayolisha Kilombero, na Kilombero huungana na Luwegu kuufanya Rufiji. Huko wageni kutoka ng'ambo hulipa fedha nyingi kuvua kwa inzi bandia, yaani ndoana iliyovikwa manyoya na nyuzi bila nyama yoyote, wakimtafuta yule samaki mwenye meno makali ambaye Waingereza wamempa jina la chui-milia. Hutanguliza kipande cha waya mbele ya ndoana, maana meno yake hukata mshipi kama mkasi. Mzee alipoelezwa habari hizi hakushangaa. Alisema ni kurambaza tu, ila wanarambaza kwa mkono badala ya chombo. Tulipomwambia kwamba wakimpata humpiga picha na kumrudisha majini, alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza kama kwao kuna chakula kingi.

Ufundi huo wa manyoya una umri mkubwa kuliko watu wengi wanavyodhani. Aeliano, mwandishi aliyeishi Roma kiasi cha mwaka 200 baada ya Kristo, anaeleza jinsi watu wa Makedonia walivyofunga sufu nyekundu na manyoya ya jogoo kwenye ndoana, kwa sababu samaki wa mto wao walikula mdudu ambaye hawezi kutundikwa: akiguswa na mkono wa mtu huharibika rangi na mabawa. Mto huo anauweka kati ya Beroya na Thesalonike. Msomaji wa Matendo ya Mitume atakumbuka kwamba Mtakatifu Paulo aliipita njia hiyo usiku, akikimbia ghasia. Hatudai kwamba alisimama kutazama wavuvi.

Padri mwenzetu tuliyesoma naye, aliyehudumu miaka kadhaa katika jimbo la Washington huko Marekani, alituletea kikasha cha inzi bandia wa kule. Wapo weusi, wa zambarau, wa waridi linaloumiza macho, na wengine wadogo wa rangi ya majani makavu. Hutumika wakati wa baridi kali kwa samoni na kwa samaki aitwaye stilihedi, ambaye ni yule yule trauti wa upinde aliyepandikizwa zamani za ukoloni katika mito ya Mlima Kenya, isipokuwa huyu wa kule amekwenda baharini na kurudi mtoni akiwa mkubwa. Maji ya baridi humfanya samaki awe mzito, hafuati kitu mbali. Kwa hiyo inzi lazima azame chini na kupita polepole mbele ya pua yake. Mto ukiwa mweupe huchaguliwa inzi mdogo, mnyenyekevu. Mto ukiwa na tope huchaguliwa mkubwa, mweusi au wa rangi kali, ili hata kivuli chake kionekane. Tulimwonesha mzee kikasha hicho, naye akawapanga inzi kwenye ubao wa mtumbwi bila kuambiwa neno: hawa wa bamvua, hawa wa maji mafu.

Kilichomfikirisha ni jambo jingine. Samoni akisha kuingia mtoni kwa ajili ya kuzaa huacha kula. Hana njaa tena. Hata hivyo huuma ndoana, na wavuvi wa kule wamebishana miaka mingi kwa nini: wengine husema ni hasira ya kuingiliwa mahali pake, wengine husema ni mazoea ya baharini yaliyobaki mwilini. Mzee alilitafakari hilo hadi tulipofika gatini. "Basi huyo," akasema, "huvui tumbo lake. Unavua anachokikumbuka."

Sisi wachungaji tulipaswa kulisikia neno hilo siku ya upadrisho. Katika parokia yetu wako wanaokuja kwa njaa, nao ni rahisi kuwahudumia. Wako pia walioacha kula zamani, waliobatizwa na kupewa Komunyo ya Kwanza na kisha wakapotelea katika maisha, na kwao hotuba juu ya njaa ya neno la Mungu ni kamba mzuri katika maji ya tope. Mmoja wao alirudi kwa sababu alisikia wimbo wa Kilatini ambao bibi yake aliuimba. Hakuna mtaguso wa walei uliopanga hivyo.

Lakini tusiuvute mfano huu mbali mno. Chambo ni hila, na binadamu si samaki. Mababa wa Kanisa walijua hatari hiyo, na bado mmoja wao, Mtakatifu Gregori wa Nisa katika karne ya 4, alithubutu kufundisha kwamba Umungu ulifichwa ndani ya ubinadamu wa Kristo kama ndoana ndani ya chambo, na Ibilisi akameza. Ni mfano wenye nguvu, nasi hatuupendi sana. Tunachokichukua kutoka kwa wavuvi wa delta si hila yao. Ni ule mkono ndani ya maji hadi kwenye kiwiko, kabla ya kufungua kopo.

Na sasa tumfikie yule mama.

Wengi wenu mliyaona mafuriko ya Aprili 2024. Maji ya Rufiji yalifunika mashamba ya bondeni katika wilaya za Rufiji na Kibiti, mpunga na mahindi vikaoza vimesimama, na kabla watu hawajakauka, kimbunga Hidaya kikafika pwani yetu karibu na Mafia tarehe 4 Mei. Hatutaingia katika ubishi wa vijiweni juu ya Bwawa la Julius Nyerere, ambalo lilianza kujazwa maji tarehe 22 Desemba 2022. Tunasema tu kile wanachokijua wavuvi, kwamba bwawa lolote hutuliza udongo nyuma ya ukuta wake, na kwamba mto unaoshuka kwa kufunguliwa na kufungwa haufuati kalenda ya babu zao. Mzee hutia mkono majini katika mwezi uliokuwa wa pua na kuviona vidole.

Mama huyo alipoteza shamba lake lote la mpunga. Ana watoto wanne. Alifanya walichofanya wanawake wengi, akashuka pwani kutanda uduvi. Zamani wanawake walitanda kwa nguo. Yeye alitanda kwa chandarua kipya alichopewa kwa ajili ya mbu. Katekista alimwambia kwamba ni kosa, kanuni za uvuvi zinakataza. Akaja ofisini, hakukaa, akauliza akiwa amesimama, "Baba Paroko, ni dhambi kuvua kwa chandarua?"

Jibu la kitabu tulikuwa nalo. Uduvi ni mdogo kwa asili, hata aliyekomaa, na anahitaji tundu dogo. Lakini tundu lile halijui tofauti kati ya uduvi na mtoto wa kamba au mtoto wa changu. Tumepekua sinia la uduvi kwa vidole, tukaona vichangu visivyozidi ukucha. Ndoana humchagua mmoja na kuwaacha wengine wakue. Chandarua hakimchagui yeyote, na baruti ambazo zamani zilisikika mara nyingi kwenye pwani hii zilikuwa mbaya zaidi, maana ziliua hata nyumba ya samaki. Yote hayo ni kweli. Lakini kumwambia mama mwenye watoto wanne, aliyepoteza mavuno, aende akakae na mshipi akisubiri changu aonje, ni kusema kweli kwa mtu asiye na muda wa kuisubiri.

Basi tulimwuliza watoto wanalala ndani ya nini. Hakujibu upesi. Kisha akasema, ndani ya kile cha zamani, kilichochanika.

Hatukulisema jambo hilo mimbarini. Tulilipeleka katika jumuiya yake, nao hawakuhitaji hotuba. Walichanga, kikapatikana chandarua kimoja cha kulalia, na mshipi, ndoana za namba tatu tofauti na chubwi kwa ajili ya mwanawe wa kwanza, kijana wa miaka 16 aliyekuwa ameshaanza kuzungumza na watu wa mtando wenye tundu dogo. Gharama yote haikufikia hata robo ya bei ya jarife. Mama hakuacha kutanda siku ile, wala hatukumwamuru. Siku ambazo nyumbani hakuna kitu bado hushuka pwani, nasi tunajua, na anajua kwamba tunajua.

Kijana tulimpeleka Nyamisati. "Shikamoo, babu," akasema, na mzee akamwitikia marahaba bila kututazama sisi. Hakudai ada. Alisema chambo atampa, lakini hatamwambia kipi.

Siku tatu kijana hakupata kitu. Alikuwa na kamba, uduvi, ngisi na dagaa waliovunda, na kila alipouliza atie nini, mzee alimuuliza maji yakoje. Siku ya nne, katika maji mafu, akanasa changu mmoja mdogo. Alitaka kumtupa kwenye kapu, mzee akamzuia na kumpa kisu. "Mpasue. Muulize yeye alikula nini." Tumboni mlikuwa na vipande vya magamba na miguu ya kaa wadogo wa topeni, na hapakuwa na kamba hata mmoja. Maji yalipopwa wakashuka kwenye tope chini ya mikoko, wakachimba kaa hadi magotini, na maji yalipoanza kujaa wakarudi mahali pale pale. Wakarudi gatini na changu kumi na mmoja. Wanane kijana aliwauza, na watatu akawapeleka kwa mama yake.